Chupa Zilizonuka Mabibo

Katika Kibiti yote ya miaka ile, mtu aliyejua kumfanya samaki akae miaka ishirini bila kuoza nilikuwa mimi peke yangu. Wenye gere waseme najisifu. Waliolijua hilo vizuri kuliko wote ndio walioniuza, kwa hiyo sioni sababu ya kulificha.

Nilizaliwa Mchukwi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa, na alikuwa na shamba la mpunga bondeni na mikorosho michache nyuma ya nyumba. Zaidi ya darasa la saba hakuna mtu aliyenisomesha. Nilipomaliza, watafiti wa chuo kikuu walikuja kutoka Dar es Salaam kuvua samaki kwenye maziwa ya bonde la Rufiji, wakataka vijana wa kuwabebea nyavu. Wenzangu walibeba, wakapokea ujira wao, wakaenda zao. Mimi nilibeba huku nasoma. Nilisoma vibandiko vya chupa zao. Nilisoma vitabu walivyoviweka mlangoni ili usijifunge kwa upepo. Walipoondoka nikawafuata mjini, nikapata kazi ya kufagia kwenye makumbusho ya viumbe ya chuo kile, mchana nafagia, jioni nasoma masomo ya sekondari. Nikafaulu. Nikaomba ufadhili mara tatu, ya tatu nikapata. Ulaya ya mashariki, miaka miwili na nusu, baridi ya kukata masikio. Nikarudi na diploma ya uhifadhi wa sampuli za viumbe, yenye muhuri mwekundu na utepe. Kata yetu ilikuwa haijawahi kuona diploma ya aina yoyote.

Nilirudi pia na koti jeupe la maabara, lenye vifungo vya mfupa, na kipimo cha kioo kinachoelea kwenye spiriti na kukuonyesha ina nguvu kiasi gani. Wenzangu waliosoma nami walirudi na redio.

Chuo kikuu kilikuwa na nyumba Kibiti, kando ya barabara ya kwenda Ikwiriri, ya matofali ya kuchoma na bati. Ilikuwa tawi la utafiti la makumbusho yale. Kule Dar es Salaam watoto wa shule walipelekwa kutazama simba aliyejazwa pamba. Huku kwangu hakukuwa na wa kutazama. Kulikuwa na vyumba vitatu, na katika kile kikubwa, rafu kuanzia sakafuni hadi darini, chupa zaidi ya mia nne. Kambale, perege, kitoga na ngogo wa maziwani. Hongwe na mkizi wa huko delta, kwenye maji ya chumvi. Kaa wa mikokoni. Kila chupa na karatasi yake ndani, imeandikwa kwa penseli ngumu isiyofutika kwenye spiriti: jina la kitaalamu, jina la Kindengereko, mahali, siku, mkono uliovua. Majina ya Kindengereko niliyaongeza mimi. Wasomi waliotangulia hawakuwa nayo, na wangeyapata wapi?

Watu waliniuliza faida ya samaki wasioliwa. Nikawaambia kwamba chupa ni shahidi. Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, watu wenye mikoba walianza kufika delta kutazama mikoko na kuzungumza habari za kamba wa kuuza nje, na huko juu ya mto lilikuwepo neno la siku nyingi la kuyazuia maji kwa bwawa. Siku atakapotokea mtu kusema hapa hapakuwa na samaki wa maana, chupa itasema walikuwepo.

Mkuu wa makumbusho alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mcheshi, mwenye shahada zake zote tatu. Aliniita Fundi. Nilimpenda. Sioni haya kuliandika hilo, ndilo linalonikera. Tulilala pamoja kwenye madungu ya wakulima, vile vibanda vya juu ya miti vya mashamba ya bondeni, mto ukipita chini yetu. Mara moja mafuriko yalifunga barabara akakaa Mchukwi kwa baba siku nne, akalala kwenye kitanda cha baba mwenyewe, baba akalala kwenye mkeka.

Ni katika siku nne zile nilimwonyesha baba kazi yangu. Kuna visamaki vidogo vya rangi, vyekundu na buluu, vinavyoonekana kwenye madimbwi ya mvua kando ya barabara. Dimbwi likikauka vinakufa vyote, mvua ikirudi vipo tena. Watoto husema vinaanguka kutoka mawinguni. Mimi nilikuwa nimechukua tope kavu la dimbwi tangu kiangazi, gumu kama tofali, nikaliweka kwenye beseni la mama. Nikamimina maji ya mvua mbele ya baba na mbele ya Mkuu. Kabla mgeni hajaondoka, beseni lilikuwa na vitu vidogo kama ncha za sindano, vinaogelea. Mayai yalikuwa ndani ya tope muda wote. Baba alitazama, akasema Subhanallah, akakaa chini. Kisha akanyanyua mikono akatuombea dua sote wawili, mimi na Mkuu, akitutaja kama ndugu. Mkuu akaitikia amina ingawa hakuwa Mwislamu.

Tangu hapo baba hakuniuliza tena faida.

Spiriti ndiyo iliyoanza kupungua. Mtu asiyejua kazi hii hudhani ukishamtia samaki kwenye chupa umemaliza. Spiriti inaruka. Hata kifuniko kikikazwa vipi, kila mwezi inashuka kidogo, na samaki akichungulia nje ya maji yake, mgongo unakauka, ukungu unaingia, baada ya muda una kipande cha ngozi na karatasi. Zamani pipa lilikuja kila mwaka na gari la chuo. Mwaka mmoja likaja nusu pipa. Uliofuata zikaja chupa sita tu za spiriti, zimefungwa kwa gazeti. Uliofuata ikaja barua. Serikali inapunguza, wafadhili wanapunguza, kila idara ijitegemee, utafiti usioingiza kitu utazamwe upya. Wenzangu wawili wa kituo, mlinzi na dereva, wakapunguzwa. Nikabaki mimi na funguo zote.

Mkuu alikuja mwenyewe kabla ya msimu wa mabibo. Gari aliazima. Tulisimama mbele ya rafu, akaona chupa zilizoshuka, akaguna. Nikamwambia kwamba bila kuziongeza, nyingi hazitafika masika. Akanishika bega.

"Fundi, chuo hakina spiriti, hata ya kufutia kidonda. Lakini wewe si mtu wa kushindwa. Wenye shahada kama mimi hatuwezi, wewe unaweza. Tumia akili za kwenu."

Nikamuuliza akili zipi.

"Mimi sitauliza," akasema. "Nikija nikute chupa zimejaa. Sitauliza."

Nilifurahi. Mtu mwenye shahada tatu amekiri mbele yangu kwamba kuna jambo haliwezi na mimi naliweza. Nilimsindikiza hadi garini nikiwa nimevaa koti langu, na nadhani nilitembea kama bwana harusi.

Akili za kwetu ilikuwa gongo. Hapakuwa na kingine. Msimu ule mabibo yalikuwa yamejaa chini ya mikorosho, yananuka hadi barabarani, na watu walikuwa wanayakamua na kuyachachua na kuyapika kama kila mwaka, kwa kificho, maana gongo ni haramu kwa dini na ni kosa kwa sheria. Mimi mtoto wa mwalimu wa madrasa sijawahi kuionja hadi leo. Lakini diploma ilinifundisha kwamba spiriti ni spiriti. Samaki hajui imetoka kiwandani au kwenye mtungi.

Nilimwendea bibi mmoja, Mmatumbi. Alizaliwa Chumbi, akaolewa Kibiti, akaachika, akabaki peke yake mwisho wa mji na mitungi yake. Wamatumbi ni watani zetu sisi Wandengereko. Mtani ana haki ya kukutukana hadharani, ana haki ya kuingia kwenye msiba wako akachukua kitu chako, nawe huruhusiwi kununa. Unakikomboa kwa kuku au kwa chochote, mnacheka, yanaisha. Na mtani ukimweleza shida ya aibu, hatakutangaza. Nilimweleza.

Alicheka hadi akashika ukuta.

"Mndengereko wewe. Umekwenda kusoma Uzunguni ili urudi kuwanywesha samaki pombe?"

Nikamwambia si pombe, ni kihifadhio.

"Na ile nchi iliyokupa cheti, nasikia imekufa. Cheti chenyewe bado kinapumua?"

Kweli ilikuwa imeanguka, nchi ile, jina lake halipo tena kwenye ramani. Mzaha huo nilishausikia ofisini Dar es Salaam kwa watu wasio watani zangu, na kwao uliniuma. Kwake nilicheka. Tukakubaliana. Nikamwambia nataka ipikwe mara mbili, mkato wa pili tu, ule unaofuata matone ya mwanzo, na kwamba nitaipima. Akasema hajawahi kupimiwa kazi yake na mtu, wanywaji wake hupima kwa kuanguka.

Mara ya kwanza kipimo kilisoma chini ya hamsini. Nikamrudishia. Alinitukana mpaka kizazi cha tatu, kisha akaipika upya kwa moto mdogo, akitupa ile inayotoka mwanzo kama nilivyomwelekeza. Nikaichuja kwa mkaa na pamba. Kipimo kikaelea, kikasimama kwenye asilimia sabini, nguvu inayomfaa samaki wa chupa. Sabini kamili. Nilisimama peke yangu katika chumba kile nikiitazama alama ya sabini, na nasema wazi, siku niliyopewa diploma sikufurahi vile. Mafundi wangapi waliosomea kwenye maabara za vigae wangeweza?

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuileta. Barabara ile ina macho. Bibi mwenyewe ndiye aliyeamua: Ijumaa, saa ya swala. Wanaume wote wako msikitini, mgambo pia, na mtendaji wa kata pia. Angepita na kikapu cha mabibo kichwani, madumu chini, kanga juu, amfikie mtu mmoja tu ambaye hakwenda kuswali.

Mtu huyo alikuwa mimi. Kila Ijumaa baba alikuja Kibiti kutoka Mchukwi kwa baiskeli, tuliswali bega kwa bega safu ya mbele, kisha tulikwenda nyumbani kwangu akala wali wa mke wangu. Ulikuwa utaratibu wetu tangu niliporudi Ulaya. Nadhani alipenda watu waone kwamba mtoto wake alikwenda kwa Wazungu na kurudi akiwa anajua kukunja miguu vizuri. Ijumaa ya kwanza nilimwambia nina wageni wa chuo. Ya pili vilevile. Ya tatu aliniuliza wageni hao ni wa namna gani, wasioacha mtu aswali rakaa mbili. Nikasema ni wakubwa. Zilikuwa Ijumaa tano. Nilikuwa nasikia adhana nikiwa nimesimama nyuma ya dirisha la kituo, nasubiri kikapu.

Chupa zikajaa. Zote. Samaki walizama tena kwenye maji yao, macho yakang'aa. Harufu tu ndiyo iliyobaki; mkaa hauondoi mabibo. Ukifungua kifuniko, mbele inakuja spiriti, nyuma yake inakuja mikorosho ya kwetu.

Katika siku zile alifika mtu mmoja na futikamba, mnene, mwenye saa kubwa, akiwa na kikaratasi cha Mkuu: mruhusu mtu huyu apime vyumba. Mkuu aliandika kwamba ni habari za rafu mpya. Nikamshikia upande mmoja wa futikamba. Nikamwonyesha ukuta upi una unyevu. Nikamwambia kwamba rafu za mninga zitakuwa nzuri kuliko za mvule, na yeye akaitikia, akaandika vipimo kwenye pakiti ya sigara.

Kamati ilikuja siku ya Jumanne. Walikuwa watatu kutoka chuo, pamoja na Mkuu, na mtendaji wa kata akaja kuwakaribisha kama ilivyo desturi. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye miwani ya kamba shingoni. Mkuu alinitangulia kuniambia, mlangoni, kwamba hawa ndio watakaoamua kama utafiti unaendelea au unafungwa, na kwamba anategemea kazi yangu. Niliwatembeza rafu kwa rafu. Nilieleza kila kitu, nadhani nilieleza kuliko walivyohitaji. Mama mmoja wa fedha alitazama daftari lake akasema kwa mshangao kwamba kwa miaka miwili kituo hiki hakikununua spiriti, na hata hivyo chupa zimejaa. Nikatabasamu. Nilikuwa nangoja Mkuu aseme.

Mwenyekiti akachukua chupa ya visamaki vya madimbwi, akafungua, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona inanuka mabibo?"

Mkuu akanigeukia.

"Fundi," akasema, "hii ni nini?"

Aliahidi hatauliza. Akauliza.

Na mimi, pamoja na diploma yangu, sikuelewa. Nilidhani ananipa uwanja. Nilidhani anataka niliseme mwenyewe ili sifa iwe yangu. Nikalisema. Nikaeleza mabibo, mkato wa kwanza na wa pili, mkaa, pamba. Nikatoa kipimo changu nikakitumbukiza mbele yao, wakaona sabini. Nikamimina kidogo kwenye kisahani nikawasha kiberiti, moto ukawaka buluu, safi, bila moshi. Nikasema kazi hii imefanyika hapahapa Kibiti, na mtani wangu Mmatumbi, kwa usahihi ambao Ulaya wangeushangaa. Nikasema, nakumbuka neno kwa neno, kwamba bajeti inaweza kukatwa lakini akili haikatwi.

Moto kwenye kisahani ukazimika wenyewe.

"Jambo hili silijui," Mkuu akasema. "Nimeshtuka kama ninyi."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mtendaji wa kata akasogea karibu yangu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mtani wako yupi, bwana?"

Sikumjibu. Lakini Mmatumbi anayeishi peke yake na kupika vizuri kiasi kile Kibiti alikuwa mmoja. Kabla ya alasiri mgambo walishavunja mitungi yake yote, naye wakampakia kwenye gari la kwenda Utete, mahakamani.

Hilo nimelifikiria sana. Mkuu aliniuza mimi, kwa makusudi. Mimi nilimuuza bibi kwa kupenda kusifiwa tu. Sisemi ni sawa. Nasema yote mawili yalitokea ndani ya chumba kimoja, kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Barua yangu ya kuachishwa kazi ilitoka haraka ajabu kwa chuo ambacho kilikuwa hakina hata karatasi. Haikusema neno hata moja kuhusu kubana matumizi. Ilisema pombe haramu imekutwa katika jengo la chuo, sampuli zimeharibiwa kwa kimiminika kisichotambulika kitaalamu, kwa hiyo mkusanyiko hauna tena thamani ya utafiti, na kituo kinafungwa. Nikaelewa hapo. Walikuwa wanatafuta sababu ya kufunga isiyokuwa umaskini wao, mimi nikawapikia moja, mara mbili, ikafika sabini.

Mtu wa futikamba alirudi na malori ya saruji. Ndiye aliyepangishwa nyumba. Vibarua walitoa chupa nje, wakazifungua moja moja, wakamwaga samaki kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, kwa sababu chupa zilikuwa na bei na samaki hawakuwa nayo. Niliomba nipewe zile za madimbwi tu. Mfanyabiashara akaniambia, bila ubaya, kwamba amekabidhiwa jengo na vilivyomo. Kunguru walikula mkizi wa miaka kumi na tano. Walikula wakapepesuka. Watu walicheka, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Mwezi ule sokoni Kibiti achari ya ndimu iliuzwa katika chupa zangu. Kwenye moja mwandiko wangu ulikuwa bado umebaki ndani, umenata kwenye kioo, na muuzaji hakuwa na habari nao.

Baba alikuja siku ya Alhamisi, si siku yake. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka.

"Watu wanasema iko barua. Nisomee."

Baba alisoma Kiarabu, na Kiswahili aliandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu hakuzijua. Ningeweza kumsomea chochote. Ningeweza kumsomea kwamba chuo kinanishukuru, kwamba pesa zimekwisha, kwamba ni mipango ya wakubwa. Nilikuwa na barua mkononi na yeye alikuwa anatazama mdomo wangu. Nilimsomea ilivyoandikwa. Nilipofika kwenye pombe haramu nikausoma mstari mara mbili, ili asidhani nimeruka.

Akaniuliza kama nilikunywa. Nikasema sikunywa. Akaniuliza kama yule mgeni wetu, aliyelala kitandani kwake, alijua. Nikasema yeye ndiye aliyenituma.

"Zile Ijumaa tano," akasema, "ulikuwa na samaki."

"Nilikuwa na samaki, baba."

"Ungeniambia. Ruhusa nisingekupa. Lakini nisingekuwa nakutafuta kwa macho safu nzima."

Hakula siku ile. Akapanda baiskeli yake akarudi Mchukwi. Ijumaa iliyofuata niliwahi msikitini, nikamwekea nafasi, akaja akakaa pembeni yangu, tukaswali bega kwa bega hadi alipokufa miaka mingi baadaye. Dua ya kututaja wawili hakuirudia tena. Mkuu hakumtaja tena kabisa, wala beseni la mama.

Bibi alirudi kutoka kifungoni masika yakiisha. Nilikuwa uani natengeneza mashine ya kukobolea mpunga, niliyokuwa nimeinunua chakavu na kuifufua kwa mikono yangu. Ndiyo iliyojenga nyumba ninamoandikia haya, na sikuomba mtu msaada. Nikasikia hodi. Alikuwa amekonda. Mke wangu akamtandikia mkeka.

"Nimekuja kuhani," akasema. "Nasikia mtani wangu amefiwa na samaki mia nne."

Nikacheka kidogo, nikaona yeye hacheki. Nikataka kuanza kumwomba radhi, akanyanyua kiganja. Aliinuka, akaingia ndani kama mtani anavyoruhusiwa msibani, akatoka na koti langu jeupe. Akalivaa palepale juu ya kanga. Mikono ilimzidi, akaikunja.

Nikafurahi, kwa kweli. Nilijua taratibu hizi. Amechukua kitu, nitakikomboa, tutacheka, yatakuwa yamekwisha. Nikamwambia mke wangu akamate jogoo mkubwa.

"Mwache jogoo," bibi akasema. "Hili halikombolewi."

Nikamwongezea mchele. Akatikisa kichwa. Nikamwambia kwa desturi yetu lazima kuwe na fidia, asipokubali huo si utani tena. Akafunga kifungo cha juu.

"Sasa umeelewa, msomi," akasema, akaondoka.

Nilimpelekea fidia mwaka uliofuata, na uliofuata. Alipokea salamu, kuku alimrudisha. Mkuu sikumwona tena. Nasikia alipanda cheo kwenye mradi wa wafadhili. Yeye si mtani wangu. Sina desturi yoyote inayoniruhusu kuingia nyumbani kwake na kutoka na kitu.

Bibi aliacha mitungi. Alianza kuuza samaki wa kukaanga pale mabasi ya kusini yanaposimama, na alivaa koti lile kila siku ya biashara hadi likawa rangi ya mafuta, vifungo vya mfupa vikadondoka akaweka vya plastiki. Abiria walimwita daktari. Nikipita na magunia yangu ya mchele alikuwa ananiona kabla sijamwona, ananyanyua kambale kwa mkia, anaita ili stendi nzima isikie.

"Njoo uonje, mtani. Huyu nimemkaanga leo, hajanywa kitu."

Nilinunua. Kila mara nilinunua, na kila mara alinirudishia chenji yangu kamili.